Elimu Iliyopatikana Nje ya Darasa: Nani Ataitambua?

Kila mwaka mpya unapoanza, wazazi wengi wa jimbo letu huhangaikia sare, madaftari na michango ya shule. Lakini lipo kundi jingine la wanafunzi ambalo halipigiwi kengele wala kuitwa mstarini. Yumo binti aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito. Yumo kijana aliyebaki kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo au Kaliua wakati wenzake wakienda kidato cha kwanza. Yumo pia mama wa makamo anayefungua daftari usiku, watoto wakiisha kulala. Hawa nao wanasoma, na wengine wanasoma kwa bidii kuliko walioko darasani. Linalowasumbua ni jambo moja: wanachokijua kitatambuliwa na nani?

Mwezi Februari 2025 Serikali ilizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, ambayo inaweka elimu ya lazima ya miaka kumi. Ni hatua njema, nasi tunaipokea kwa shukrani. Hata hivyo, sera inayohesabu miaka ya kukaa shuleni inamfaa zaidi mtoto anayeanza leo. Kwa yule ambaye miaka hiyo imekwisha kumpita, tumaini limebaki katika njia ya pili, nayo ni kujisomea na kisha kupimwa.

Sisi wa Tabora tunapaswa kulielewa jambo hili upesi. Mji wetu ulikua katika njia panda ya misafara, pale barabara itokayo Bagamoyo ilipogawanyika, moja ikishika njia ya Ujiji na nyingine ikielekea kaskazini. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo iliyopimwa kwa frasila, kipimo kilichofahamika pwani na bara. Kwa kuwa kipimo kilikuwa kimoja, mzigo haukuhitaji kujieleza upya kila ulikotua. Cheti nacho ni kipimo cha namna hiyo. Hakiongezi wala hakipunguzi maarifa ya mtu, ila humwezesha mgeni asiyemfahamu kuyaamini.

Katika nchi yetu kipimo hicho kimekabidhiwa Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Utaratibu wake kwa wanaosoma nje ya shule hautofautiani sana na ngazi yenye vidato viwili. Asiyepita kidato cha pili katika shule rasmi huanza na Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT. Akifaulu, huruhusiwa kujisajili kwa Mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anayetaka kuendelea na kidato cha tano hudaiwa ufaulu wa angalau alama C katika masomo matatu, ambazo ndizo tuzoeazo kuziita krediti. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka na mitihani hufanyika Novemba. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa mwaka 1975, ipo ili kuwasaidia watu wa namna hii. Tena, tangu Novemba 2021, Serikali imemruhusu binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule rasmi akitaka.

Basi mlango upo. Tunachosikitikia ni kwamba ni mwembamba, na wengi hawajui ulipo. Mwanafunzi wa shule huingia katika chumba cha mtihani akiwa na alama za maendeleo yake ya darasani. Mtahiniwa wa kujitegemea hutegemea karatasi ya siku ile peke yake. Akitaka kufanya fizikia au kemia, itambidi apate maabara ya kufanyia mazoezi ya vitendo, na aliye kijijini Sikonge ataipata wapi? Kuna ada, kuna nauli, na kuna kosa moja linalowagharimu wengi, la kudhani kwamba kituo cha kujisomea na kituo cha mtihani ni kitu kimoja. Mtu anaweza kulipa ada ya masomo mwaka mzima, kisha Novemba ikafika na jina lake halimo katika orodha ya watahiniwa.

Tukiifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea magharibi, hadi Kigoma, tunakutana na sura nyingine ya suala hilihili. Katika kambi ya Nyarugusu, watoto wa Kikongo na wa Kirundi wamekuwa wakifundishwa kwa mitaala ya nchi zao, ili siku ya kurudi wasiwe wageni kwao. Nia hiyo ina hekima yake. Lakini akibaki upande huu na kutaka kuendelea na masomo, cheti chake hakina budi kupita kwanza kwa Baraza la Mitihani kwa ajili ya ulinganifu. Ndivyo ilivyo pia kwa wazazi wachache wa mijini wanaowafundisha watoto wao nyumbani kwa mitaala ya nje.

Kwa wazazi hao, mafundisho ya Kanisa yako wazi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko kuhusu Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Haki hiyo huambatana na wajibu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na mzazi hawezi kuutumia ukuu wake kama kisingizio cha kumwacha mwanawe bila njia ya kupimwa. Upendo wa mzazi huangalia pia mtoto atakwenda wapi baada ya kutoka mikononi mwake.

Wala tusidhani kwamba kujisomea ni elimu ya daraja la pili. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, alipokuwa mwalimu katika shule ya Mt. Maria hapa Tabora, alijiandaa mwenyewe kwa mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London akaufaulu, na mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh. Alikuwa na akili, ndiyo. Lakini alikuwa pia na mapadre waliojua ni mtihani gani unaotakiwa, na waliomshika mkono hadi mlangoni.

Huo ndio wito tunaouona mbele yetu. Parokia haitoi vyeti, wala haiwezi kuchukua nafasi ya Baraza. Lakini tarehe za usajili zinaweza kusomwa katika matangazo baada ya Misa, kama zinavyosomwa ndoa. Ukumbi unaokaa kimya Jumatatu hadi Ijumaa unaweza kuwashwa taa jioni. Walimu wastaafu wamo katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, na hakuna asiyefahamu nyumba alimo binti aliyeacha shule. WAWATA na VIWAWA wanaweza kumsindikiza hadi kwenye kituo cha mtihani kilichosajiliwa, wakahakikisha kwa macho yao kwamba jina lake limeandikwa.

Tukimwacha apambane peke yake, tutakuwa tumemwambia kwamba juhudi zake za usiku hazina uzito. Nasi tunajua zina uzito. Kazi yetu ni kumfikisha pale zitakapopimwa.