Waliofikiwa ni Wangapi Kati ya Wangapi?

"Watu waliofikiwa" ndiyo hesabu inayotangulia katika taarifa nyingi za miradi ya afya vijijini, na wengi huamini kuwa ikiwa kubwa, mradi umefaulu. Imani hiyo ni potofu na inaumiza watu. Neno hilo humweka aliyesikia tangazo la kipaza sauti mnadani sawa na mgonjwa aliyemaliza dozi.

Kwanza, taarifa hizo huhesabu mahudhurio na kuyaita watu. Mjamzito wa kata ya Matiri, wilayani Mbinga, akihudhuria kliniki mara nne, akajifungulia zahanati, kisha akampeleka mtoto kupimwa uzito kila mwezi kwa mwaka mzima, ameandikwa mara 17. Daftari za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, hutenganisha hudhurio la kwanza na marudio kwa sababu hiyohiyo. Jumla ya mradi huyachanganya tena.

Kosa kubwa zaidi ni kutotaja wakazi wote ni wangapi. Mkoa wa Ruvuma, ilipo Mbinga, unalijua hili kupitia usubi, ugonjwa wa ngozi na macho unaoenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Dawa yake, ivermektini, imetolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987. Wagawaji huchaguliwa na wanakijiji wenyewe. Hupita kaya kwa kaya na kumpima kila mtu urefu kwa kijiti ili kujua vidonge vyake. Dawa huua vijiminyoo vichanga, lakini minyoo wakubwa huishi miaka 10 hadi 15 wakiendelea kuzaa. Kwa hiyo ugawaji hurudiwa mwaka hadi mwaka, na ili ugonjwa utokomee, inatakiwa angalau asilimia 80 ya wakazi wote wameze. Watoto wadogo na wajawazito hawapewi, lakini nao wamo katika hao wakazi wote. Maana yake karibu kila anayestahili lazima ameze.

Kijiji cha watu 2,000 kikiripoti 1,200 waliomeza, taarifa inapendeza. Hiyo ni asilimia 60, na maambukizi yanaendelea. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa wanaokosa ni walewale kila mwaka: wanaohamia mashamba ya mbali msimu wa kilimo, au wavuvi wa usipa walioko kambini Ziwa Nyasa siku ya ugawaji. Idadi ya waliofikiwa haiwezi kuwaonyesha, kwa kuwa imeundwa na waliokuwepo tu.

Hudaiwa kwamba wafadhili hutaka namba moja rahisi. Namba hiyo inaweza kupatikana kwa uaminifu: daftari la kaya lenye jina la kila mkazi, aliyemeza na asiyemeza, na sababu yake. Wagawaji wa dawa ya usubi hulijaza kwa mkono. Taarifa isiyotaja idadi ya wakazi wala waliokosa irudishwe kijijini ikakamilishwe.