Foo-wili ya nini kama hujui kuifunga?

Kimya kilikuwa kirefu kidogo, mniwie radhi. Leo nimekuja na hasira, na hasira yenyewe inawahusu hata nyinyi mnaotamba mjini na magari marefu, kwa hiyo msikimbie.

Juzi rafiki yangu wa Dar alinitumia video ya jamaa wa Iceland wakikatiza na Land Cruiser kwenye theluji nzito, sehemu ambayo mtu akishuka anazama hadi kiunoni. Gari linaelea kama mtumbwi. Rafiki yangu akaandika, "Hizo ndizo mashine, bwana!" Nikacheka, halafu nikanuna. Maana ukiangalia vizuri, gari lile ni ukoo mmoja na haya tunayoyaona kila siku yamepaki nje ya kumbi za semina. Wameliongezea matairi mapana, ndiyo, lakini si hilo lililonigusa. Kilichonigusa ni kwamba kabla ya kuingia kwenye theluji walisimama, wakashuka, wakatoa upepo. Tairi ambalo kwenye lami lina upepo wa kama 30 kwenye kipimo, wao hulishusha hata chini ya 5. Linabonyea, linatanuka, linakanyaga eneo kubwa, gari halizami. Uchawi uko wapi hapo? Ni maarifa tu.

Sisi theluji yetu iko kileleni Kilimanjaro na hakuna anayepeleka gari huko. Lakini tuna tope, jamani. Huku Ruvuma mvua zikianza mwishoni mwa mwaka hazikuachii mpaka Aprili. Udongo mwekundu wa vilima vya Umatengo ukilowa unateleza kama sabuni, na ukikanyagwa na malori mawili matatu unageuka uji. Tope na theluji ni mtu na binamu yake: vyote viwili vinamnyima tairi mahali pa kushika, na vyote viwili vinamwadhibu anayekanyaga mafuta kwa hasira.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Machi mwaka jana nilipewa lifti na gari la ofisi moja (siitaji, si lengo langu kumwaga mtu unga) kwenda kijiji kimoja huko vilimani, mbele ya Mbinga. Gari ni Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa limepanda hadi juu ya paa. Dereva kijana, umri wangu, mstaarabu, shati limenyooshwa, leseni safi. Lami ya Songea hadi Mbinga tuliitafuna tukipiga stori za mpira. Tukaacha lami. Baada ya mwendo kidogo tukakuta mteremko, chini yake bonde, kisha mlima mfupi mwekundu unaong'aa. Mwenzangu hakusimama hata kuutazama. Akaingia kwa kasi, katikati ya mlima gari likaanza kuserereka upande, akakanyaga mafuta, matairi ya nyuma yakazunguka palepale, yakachimba, na gari likakalia tumbo. Kimya. Akavuta ile giya fupi ya foo-wili. Akakanyaga tena. Tope likaruka hadi kwenye migomba. Magurudumu ya mbele? Hata kugeuka.

Tumekaa pale kama nusu saa tukisukuma kwa mikono, mimi na viatu vyangu vya mjini, ikaja Land Rover 109 ya zamani, rangi haijulikani. Dereva wake mzee wa miaka sitini na kitu. Nyuma, juu ya magunia ya maharage, amelazwa mama mjamzito, uchungu umeanza tangu usiku, mama mkwe wake kamshikilia kichwa. Wanateremka kwenda kwenye kituo cha afya. Na njia tumeifunga sisi. Kulia ukingo, kushoto korongo.

Tukamwamkia, akaitika, hakupoteza muda. Akainama kwenye gurudumu letu la mbele, akapangusa tope kwa kiganja.

"Mwanangu, mbona hujafunga vitasa vya mbele?"

"Vitasa gani, mzee?"

Wadau, hilo swali la "vitasa gani" ndilo limenikosesha usingizi. Kwa msiojua, na mimi nilikuwa mmoja wenu: kwenye mikonga mingi, katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kidude cha mviringo unachokizungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE, unaweza kuvuta giya ya foo-wili mpaka ikung'oke, magurudumu ya mbele hayapati kitu. Unaendesha gari la magurudumu mawili lenye bei ya manne. Kijana wa watu alikuwa amelishika gari hilo kwa miaka miwili na hakuna aliyewahi kumwambia ashuke akizungushe.

Mzee akakizungusha, kushoto na kulia. Akatoa upepo kwa kijiti, kila tairi, akisikiliza tu sauti. Tukachimba udongo chini ya tumbo la gari kwa beleshi lake, maana sisi hatukuwa nalo. Tukakata matawi, tukatandika. Kisha akapanda yeye mwenyewe, akaweka 4L, giya ya pili, akaachia klachi taratibu kama anamlaza mtoto. Hakukanyaga mafuta kabisa. Gari likatambaa, likatoka. Jumla dakika arobaini hivi. Muda wote huo yule mama alikuwa anaugulia juu ya magunia, na ilifika mahali akanyamaza, na huo ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. Land Rover ikapita na minyororo kwenye matairi ya nyuma, minyororo ileile ambayo Ulaya huifunga kwa ajili ya theluji.

Siku mbili baadaye nikapita kwenye kituo. Mtoto wa kike, mzima. Mama alikuwa ametokwa na damu nyingi, bado hawezi kukaa. Muuguzi aliponijua kuwa nilikuwa kwenye lile gari alinitazama, akasema, "Mngekaa nusu saa nyingine..." Hakumaliza, akaenda kumwangalia mgonjwa mwingine.

Sasa niambieni, nimlaumu nani? Yule kijana? Hapana. Mimi mwenyewe nilisoma udereva hapa mjini kwenye chuo kimoja, nikafundishwa kupaki, kuondoka mlimani, kutii alama. Tope sikuulizwa hata swali moja. Mkoa ambao karibu nusu mwaka ni utelezi! Norway huwezi kupata leseni ya gari dogo bila kupita kwenye uwanja maalumu wa utelezi, ukapewa gari, ukaambiwa lipoteze na ulirudishe. Finland na Sweden nao wana mafunzo yao ya namna hiyo. Sweden, majira yakiwa ya baridi na barabara zikiwa na theluji au barafu, sheria inakudai matairi ya msimu huo kuanzia Desemba mosi hadi Machi 31. Wenzetu wamekaa wakajiuliza, nchi yetu ikoje? Kisha wakatunga mtihani unaofanana na nchi. Sisi mtihani wetu unafanana na nchi gani?

Najua mtakachosema. "Jengeni lami, tope litaisha lenyewe." Sipingi lami, nani apinge? Ile ya Makambako hadi Songea iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Waingereza iliufungua mji huu. Peramiho hadi Mbinga na Songea hadi Namtumbo zikaja na fedha za Wamarekani, mkataba uliosainiwa 2008. Lami imeshuka mpaka Mbamba Bay ziwani. Nimezipita zote na nimefurahi. Ila barabara zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017, ni zaidi ya kilomita 100,000, na sehemu kubwa mno ni udongo na changarawe. Yule mama hatazaa mara moja tu maishani mwake, na hatasubiri zote hizo ziishe.

Tena lami yenyewe imetuharibu akili kidogo. Yule mzee alijifunza kazi akiwa utingo wa malori ya Songea kwenda Njombe enzi za barabara ya udongo. Ananiambia utingo wa siku zile alikuwa anajua kufunga minyororo gizani, kuchagua tawi la kutandika, kusoma rangi ya tope akajua chini kuna mwamba au hakuna. Dereva hakuitwa dereva mpaka awe amelala porini na gari. Lami ilipokuja elimu hiyo ikaondoka na wazee, na hakuna aliyeiandika popote wala kuifundisha. Tukabaki na magari mapya na watu wasioyajua. (Nisieleweke kwamba natamani enzi zile. Watu walikufa kwenye zile barabara.)

Halafu kuna shangingi. Jamani, shangingi! Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliyapigia kelele hadharani, na wengine wamepiga kelele baada yake, na bado yapo. Gari lenye uwezo wa kufunga difu, lenye 4L, lenye kimo cha kuvuka mto, linatumika kumpeleka mkubwa kutoka nyumbani kwenda ofisini, kilomita nne za lami. Mgonjwa kijijini anapanda bodaboda amefungwa kwa kanga asianguke. Mimi hesabu hiyo haiingii kichwani. Gari la tope tumelipeleka kwenye lami, na mtu wa tope tumempa pikipiki.

Na nyinyi wasomi wenzangu msijifiche nyuma ya mgongo wa serikali. Nimewauliza marafiki saba wenye RAV4, Forester na Prado: gari lako foo-wili yake ni ya muda wote au ya kuweka? Wawili tu walijua. Mmoja wa Prado akanijibu, "Haya ni mambo ya madereva na mafundi, bwana." Hapo ndipo nilipopandwa na jazba. Kwa Mtanzania aliyesoma, kujua chombo anachokiendesha ni kazi ya mtu wa chini. Anajua bei yake, anajua rimu zake, muziki wake una wati ngapi. Difu ya kawaida ina tabia ya kulizungusha tairi lile lililo rahisi kuzunguka, yaani lililo kwenye tope, na kumwacha mwenzake aliye pakavu amesimama. Ukilijua hilo tu, unaacha kukanyaga mafuta ovyo. Lakini nani akujulishe, wakati umeshaamua ni mambo ya mafundi?

Nataka nini basi? Ofisi yoyote yenye gari la foo-wili, kabla haijamwajiri dereva, imtoe nje ya lami msimu wa mvua imwone. Siku moja tu. Gari la wagonjwa liwe na beleshi, minyororo, kamba na kipima upepo, na mwenye kukagua akague hivyo kama anavyokagua kizima moto. Na mtihani wa leseni, kwa mikoa kama yetu, uwe na tope. Uwanja si ghali, mvua inautengeneza bure. Akija mtu kuniambia fedha hazipo, nitamwomba anioneshe kwanza bajeti ya matairi ya mashangingi.

Mimi nimeanza na mimi. Februari mwaka huu nilimfuata yule mzee nyumbani kwake na kilo mbili za sukari, nikamwomba anifundishe. Nilidhani atanipa usukani. Tulipofika kwenye mlima uleule akazima Land Rover, akanikatia fimbo, akaniambia, "Shuka mwanangu, upande kwa miguu mpaka juu, uchome kila hatua. Ukirudi uniambie gari litapita wapi." Nikapanda. Niliteleza mara tatu, suruali yote tope. Niliporudi nikamwonesha mstari wa kushoto. Akatikisa kichwa, akanirudisha tena.