Kuku wa Mtinko na saa za njiani

Muulize mfanyabiashara wa kuku wa Mtinko kuhusu safari ya Dar es Salaam, atakutajia kilomita: takriban 700 kutoka Singida mjini. Lakini kuku hafi kwa kilomita. Hufa kwa saa anazokaa kwenye tenga, juani, bila maji, na hasara ni ya mwenye mzigo.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamfikisha abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa takriban saa nne, safari ambayo basi huitumia karibu mara mbili yake. Ni nafuu kubwa, kwa mwenye begi. Tenga la Mtinko bado linaanza na barabara ya Ilongero, likifika Singida linasubiri lori lijae. Mara nyingi saa zinazoua ni hizo za kusubiri, wala hakuna anayezihesabu.

Tunawashauri wafanyabiashara wapatane na mwenye lori saa ya kuondoka, siyo nauli tu. Wapakie jioni ili kuku wasafiri usiku kwenye ubaridi, na wasiwabane kupita kiasi. Na halmashauri inayokusanya ushuru mnadani, inashindwaje kuweka kivuli na maji mahali pa kupakilia?