Udugu wa chuoni haujengwi kwa semina



Kila mwaka ifikapo Oktoba au Novemba milango ya vyuo vikuu vyetu hufunguliwa na maelfu ya vijana huingia kwa mara ya kwanza. Jumuiya za wanafunzi, zetu sisi Waislamu na za wenzetu Wakristo, huwapokea kwa wema mwingi: mabango hutundikwa, soda na biskuti hugawiwa, nasaha hutolewa juu ya maadili, na picha hupigwa. Baada ya wiki mbili mabango hushushwa. Hapo ndipo mgeni aliyetoka Kasulu au Newala hugundua kwamba amepeana mikono na watu mia mbili na hamjui hata mmoja wao.

Hatuandiki haya kwa kuwalaumu vijana, kwani kosa hili tulilifanya sisi kabla yao. Katika miaka ya 1990, tulipokuwa mwaka wa pili chuoni, tuliandaa semina ya siku saba juu ya udugu katika Uislamu. Tulialika masheikh, tukachangishana fedha za pilau, na sisi wenyewe tukawasilisha mada. Katika siku hizohizo kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, mtu wa Rufiji, aliyekuwa akisali nasi Alfajiri katika safu ya pili, alikuwa kitandani siku ya tatu kwa malaria, hana wa kumpa hata maji ya kunywa. Aliyemgundua ni mzee mfagiaji wa bweni. Chumba chake na chetu vilitenganishwa na ukuta mmoja, na mada tuliyoiwasilisha ilihusu haki za jirani.

Aibu ile ndiyo iliyotufanya tuirudie sira kwa jicho jingine. Salman al-Farisi (r.a.) alifika Madina akiwa mgeni kwelikweli: hakuwa Mwarabu, hakuwa na kabila la kumlinda, na alikuwa mtumwa kabla ya kukombolewa. Mwaka wa tano wa Hijra, sawa na mwaka 627, maadui walipoukaribia mji, yeye ndiye aliyetoa shauri la kuchimba handaki, kama walivyofanya watu wa kwao Uajemi. Yasimuliwa kwamba Mtume (s.a.w.) aligawa kazi, kila watu kumi dhiraa arubaini, naye mwenyewe akabeba udongo. Wakati wa kugawana makundi, Muhajirina wakasema Salman ni wao, na Ansari wakasema ni wao, hata Mtume akawakata kauli kwa kumhesabu katika watu wa nyumba yake. Mtu asiye na kwao akawa anagombewa, na palipozuka ugomvi huo mtukufu ni penye majembe na vikapu vya udongo.

Wapo watakaosema kwamba basi vijana walazimishwe kujitolea, na chuo kiwape alama. Nchi yetu inalo somo katika hilo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Rika letu lilikwenda JKT kwa sheria hiyohiyo, kabla haijasitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Tuseme kweli: tulinung'unika kila alfajiri, lakini hadi leo tuliolima nao bega kwa bega ni ndugu zetu, tena wengine ni mapadri. Jasho la pamoja huunganisha hata pasipo hiari. Linalokosekana katika lazima ni nia, na asiye na nia huacha kazi siku afande anapogeuza mgongo. Alama za darasani nazo ni afande wa aina nyingine.

Tukirudi kwenye bweni letu, baada ya yule kijana kupona tulinunua daftari moja. Tuliandika majina ya wakazi wa ghorofa yetu, vyumba vyao na kwao, bila kuangalia dini, tukapanga zamu. Maji yalikuwa yakikatika mara kwa mara na ndoo zilipandishwa ghorofa ya nne kwa mikono. Zamu ya wiki ikawapelekea maji wagonjwa na waliokuwa na mitihani, na kila jioni mtu mmoja akapita kubisha hodi mlango kwa mlango. Ni hayo tu. Haikuhitaji katiba wala mhuri, na fulana zenye maandishi hatukuwa na fedha za kuzichapisha, alhamdulillah.

Katika zamu hizo tuligundua jambo ambalo semina haikutufunza. Walikuwamo vijana wawili wasiosalimiana kwa sababu ya maulidi, mmoja akiyasoma na mwenziwe akiyapinga. Tuliwapanga zamu moja kwa bahati mbaya. Hawakuafikiana katika suala lao, na nadhani hawajaafikiana mpaka leo, lakini watu waliosaidiana ndoo ngazi nzima huona taabu kuitana wapotofu.

Leo nafasi ni nyingi kuliko zama zetu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, huwategemea sana wanafunzi wa sekondari na vyuo. Mwanamume mwenye afya aweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne, maana yake kundi la marafiki laweza kwenda pamoja mara tatu au nne kwa mwaka. (Ramadhani waende baada ya futari, wasituletee swali la saumu.) Zipo shule za kata jirani na vyuo zisizo na mwalimu wa kutosha wa hisabati. Wapo wenzao wasioona wanaohitaji kusomewa vitabu.

Lakini tunaomba sharti moja lizingatiwe. Aghalabu tunawagawa vijana mafungu mawili, wanaotoa na wanaopewa, na yule maskini huwekwa daima upande wa pili. Wapo chuoni wale ambao kwa lugha ya mabweni "hubebwa", yaani hulala kitanda kimoja na mwenzao aliyepata nafasi kwa kuwa wao hawakupata. Kijana wa namna hiyo akiitwa mbele ya kamera kukabidhiwa sabuni na daftari, amesaidiwa sabuni na kupokonywa uso. Aulizwe kwanza anaweza nini.

Yule kijana wetu wa Rufiji alipoulizwa, alisema anajua kunyoa. Alikuwa na mkasi na kitana alivyokuja navyo kutoka kwao. Basi kila Alhamisi baada ya Alasiri aliweka benchi nyuma ya bweni akanyoa watu bure kwa ajili ya Ijumaa, na punde wakaja na wa Jumapili. Foleni ilikuwa ndefu, na katika foleni watu huzungumza. Hakuwahi kuhutubia mkutano hata mmoja.

Mwaka wa tatu alifiwa na baba yake. Kwao ni Muhoro, na wakati huo Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijajengwa, mto ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Sisi wa jumuiya tulikodi basi dogo tukidhani tutakuwa watu kumi. Tulipofika getini alfajiri tulikuta wamekwisha kaa ndani zaidi ya ishirini, wengine wakiwa na rozari mifukoni, na ilitubidi sisi waandaaji tusimame njia nzima.