Tusiite Kudra Kilicho Uzembe

Wapenzi wa ushairi, leo sikuja na beti. Nimekuja na ugomvi, na wa kwanza ninayegombana naye ni nafsi yangu.

Kwa miaka minne nilimwendea bibi mmoja mzee, nikirekodi tenzi alizozihifadhi moyoni tangu usichana wake. Sauti yake niliitia katika kipakatalishi changu, na humo tu. Siku moja diski ya ndani ikafa. Fundi aliitazama, akatikisa kichwa, akanirudishia. Bibi naye alikwisha kutangulia mbele ya haki. Wenzangu wakanipa pole: "Ndiyo kudra." Pole hiyo naikataa. Kufa kwa bibi kulikuwa kudra; kupotea kwa sauti yake kulikuwa uzembe wangu.

Twajigamba kuwa warithi wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Je, twakumbuka tungo zake zilitufikiaje? Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walizikusanya na kuziandika. Kisha Hichens akaichapisha diwani mwaka 1940, karne nzima baada ya malenga kufa. Katikati ya miaka hiyo palikuwa na watu waliokubali taabu ya kunakili kwa mkono. Sisi mashine yatunakilia yenyewe, na bado twaona uzito!

Wapo wasemao: "Sisi ni malenga, si mafundi wa mitambo." Ufundi gani? Nunua diski ya nje yenye nafasi maradufu ya ile ya tarakilishi yako, uichomeke. Kwenye Mac washa Time Machine. Kwenye Windows washa File History, na uhakikishe kuwa kabrasha la tungo zako limo miongoni mwa yanayonakiliwa. Kazi hiyo ni ya mara moja. Tangu hapo, kwa kawaida, kila saa diski ikiwa imechomekwa, mabadiliko hunakiliwa bila wewe kukumbushwa. Tena matoleo ya zamani huhifadhiwa: ubeti ulioufuta juzi kwa hasira, leo waweza kuurejesha.

Wengine husema: "Mimi hunakili mwenyewe kila Ijumaa." Ijumaa hii harusi, ile matanga, ya tatu umesahau, na maafa hayangoji zamu yako. Ndiyo sababu nasisitiza kazi hii iachiwe mashine.

Na wapo wanaojivunia wingu. Wingu lina faida yake, lakini huduma nyingi za aina hiyo huoanisha tu: ukifutacho hapa hufutika na kule, na muda wa kukirejesha una kikomo.

Diski ya nje nayo si hirizi. Mwizi achukuaye tarakilishi huichukua na diski iliyo kando yake, na virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fidia huifikia diski iliyochomekwa. Basi iwepo ya pili, ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au rafiki, mkibadilishana kila mwezi. Na mara moja moja jaribu kurejesha faili moja, ulifungue, ulisikilize. Usingoje siku ya msiba ndipo ujue kwamba nakala yako ni tupu.

Nasema wazi, hata nikichukiwa: asiye na nakala ya pili asibishe hodi kwa mzee wa mtu na kinasa sauti mkononi. Mzee anapokuimbia amekupa amana, naye huenda hana wa kumwimbia tena. Bibi yule aliniuliza siku ya kwanza, "Mwanangu, haya utayaweka wapi?" Nikamjibu, "Pahali salama, bibi." Nilisema uwongo bila kujua. Wewe uliyesoma hapa sasa wajua.