Sauti Nzito na Sauti Nyororo: Waacheni Waimbe Pamoja



Leo tunazungumzia uimbaji. Tunajua kati yetu kuna wapenzi wa taarabu, na kuna wasiosikiliza chochote ila kasida, na wote tunawaheshimu. Jambo lenyewe linazigusa pande zote mbili, kwa sababu linahusu sauti ya mwanamke: nani anasifiwa sauti, nani anaambiwa akae nyuma, na kwa nini wanawake wawili wenye sauti tofauti hupangwa washindane kabla ya kufikiriwa kwamba wangeweza kuimba pamoja.

Maoni yetu ni haya. Wimbo wa watu wawili hunoga zaidi sauti zao zikiwa mbalimbali kabisa, moja ya mbingu na moja ya ardhi. Wanaume wa mwambao wameufaidi utamu huo kwa miaka mingi. Wanawake wameupata kwa kiduchu, na tungependa uzidi.

Tuanzie Msimbazi, Kariakoo. Anayevuka kwa boti kwenda kuchukua mzigo wa madera na vitenge anazijua kelele za pale. Kila duka la spika na wimbo wake, muuza viatu anaita huku na muuza mashuka kule. Tena ni mji wa watani. Simba wana jengo lao Mtaa wa Msimbazi, Yanga wako Jangwani, mwendo wa miguu tu. Kwenye dansi hali ni hiyo hiyo: kuna Msondo na kuna Sikinde, na utaulizwa wewe ni wa wapi. Pale kila kitu kina mpinzani wake.

Lakini ndani ya hizo bendi zenye upinzani mlikuwa na somo jingine. Muhidin Maalim Gurumo, mzee wa Kisarawe aliyefariki Aprili 2014, alikuwa na sauti nzito, pana, ya mtu anayetoa wosia. Hassan Rehani Bitchuka ana sauti nyembamba inayopanda juu na kukaa huko huko bila kuchoka. Waliimba pamoja katika bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, ile NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 na baadaye kuitwa JUWATA. Mwaka 1978 wote wawili wakawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park Orchestra. Mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na jina la Sikinde likazoeleka kutajwa pamoja na ukumbi wa DDC Kariakoo.

Sikilizeni wanavyopokezana. Bitchuka akilalamika, unamwona kijana aliyeumizwa, amesimama mlangoni hajui aende wapi. Gurumo akiingia, unamsikia mtu mzima aliyeyaona hayo zamani. Wimbo unakuwa na watu wawili ndani yake, na wewe msikilizaji unakaa katikati yao. Sauti mbili nyembamba zingekupa malalamiko mara mbili. Sauti mbili nzito zingekupa mawaidha mara mbili. Zikikutana ile na hii, unapata mazungumzo.

Tena angalieni jambo hili. Sauti ya juu ya Bitchuka haikumpunguzia uanaume wake hata chembe. Watu walimpa jina la Stereo, kwa sifa. Sasa mchukueni msichana wa kwetu mwenye sauti nzito. Ataambiwa anaimba kama mwanamume, na anayemwambia hatakuwa anamsifu.

Turudi basi kwa wanawake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Khadija Kopa, mtoto wa Unguja aliyeimba Culture Musical Club, alihamia Dar es Salaam na kujiunga na kikundi cha TOT. Upande wa pili, kwa Muungano, alikuwapo Nasma Khamis, maarufu kwa jina la Kidogo. Waimbaji wawili hodari, mji mmoja, zama moja. Mji ule uliwafanya nini? Uliwafanya Simba na Yanga. Huyu akitoa wimbo, watu wanangoja yule amjibu. Mashabiki waligawana, kanda zikauzika, na ukumbini mwanamke alisimama kwenda kumtunza mwimbaji pale neno lilipomgusa jirani aliyekaa meza ya pili.

Hatusemi mipasho haina kazi. Mwanamke asiyeweza kusema jambo uso kwa uso amelisema kwa taarabu tangu zamani, na kwa khanga pia. Ushindani nao uliwanoa waimbaji, kwani hakuna aliyetaka kupanda jukwaani na wimbo mbovu. Na ule ulikuwa ushindani wa vikundi viwili vinavyotafuta riziki, tusiwabebeshe wanawake wawili mzigo wote. Tunachouliza ni kwa nini bendi za dansi ziliweza kushindana huku zikiwaweka mzee wa sauti nzito na kijana wa sauti nyembamba jukwaa moja, lakini wanawake wawili wenye nguvu sawa walipewa majukwaa mawili na watu wa kushangilia ugomvi.

Jibu letu ni kwamba ugomvi wa wanawake huuzika upesi. Hauhitaji mazoezi. Kuimba pamoja kunahitaji kukaa chini, kukubaliana nani aanze, nani aitikie, nani apunguze pumzi ili mwenzake asikike.

Mifano ya kututia moyo ipo, na visiwani ndiko ilikotoka. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyetutoka Aprili 2013, alikuwa na sauti ya kukwaruza, kavu, isiyoomba radhi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na dunia ikamjua. Lakini vijana wengi wa mtaani walimsikia vizuri zaidi alipoimba Ahmada pamoja na Offside Trick, vijana wa Zanzibar wenye mduara wao wa haraka haraka. Bibi na wajukuu. Hawakumlainisha, naye hakujifanya kijana. Sauti yake iliingia kama kuni kavu kwenye moto, na wimbo ukachezwa harusini na wenye miaka kumi na wenye miaka sabini.

Kisha Khadija Kopa mwenyewe. Mwaka 2015 alitoka na Diamond Platnumz katika Nasema Nawe, malkia wa mipasho na kijana wa Tandale. Ule nao ulikuwa mkutano wa sauti nzito ya mwanamke na sauti laini ya mwanamume, na hakuna mbingu iliyoanguka. Halafu mwaka 2020 binti yake, Zuhura Othman, tunayemjua kwa jina la Zuchu, akatoa mkusanyiko wake wa kwanza wa nyimbo, na ndani yake mkawa na Mauzauzo, ameimba na mama yake.

Huo ndio wimbo tungependa kila mama na binti wausikilize kwa makini, hata kama si wapenzi wa muziki wa kizazi kipya. Zuchu ana sauti nyepesi, inateleza. Mama yake ana sauti iliyojaa, yenye miaka ya jukwaani ndani yake. Ingekuwa rahisi binti kuipandisha yake afanane na mama, au mama kuibana yake aonekane wa kisasa. Kila mmoja amebaki na yake. Mama hakumfunika mwanawe, na mtoto hakumgeuza mama yake kuwa pambo. Majumbani mwetu, ambamo mama hutaka binti awe nakala yake na binti humwona mama amepitwa, hilo ni somo kubwa kuliko wimbo wenyewe.

Tunasema hivyo tukijua kwamba si kila kolabo ni ya kweli. Siku hizi mtu hurekodi kipande chake peke yake, mwenzake anarekodi cha kwake mwezi mwingine, fundi wa studio anaviunga, na majina mawili yanakaa juu ya wimbo mmoja. Kipimo chetu ni chepesi: mtoe mmoja kichwani mwako, kisha usikilize. Kama wimbo unasimama vilevile, yule alikuja kuuza jina. Kama wimbo unabaki na pengo, hao waliimba pamoja.

Kwa dada zetu wasiosikiliza taarabu wala bongo fleva, hili nalo ni lenu. Tunaijua habari ya adhana. Maneno yake aliyaota Abdullah bin Zaid, lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza amfundishe Bilal, kwa kuwa Bilal ndiye mwenye sauti ya kufika mbali. Ndoto ilikuwa ya mmoja na sauti ikawa ya mwingine. Abdullah hakupungukiwa kitu, na Bilal hakunyang'anya kitu. Jambo moja likakamilishwa na watu wawili waliopewa vipawa tofauti.

Sasa tazama madrasa zetu wakati wa kuandaa maulidi. Wasichana wanapangwa kusoma kasida, na wenye sauti nyororo wanawekwa mbele. Mwenye sauti nzito anaambiwa aitikie tu, tena polepole. Akiwa na miaka kumi na miwili anacheka. Akifika kumi na minne hataki kufungua mdomo mbele za watu, hata kwa swali la darasani. Hapo kilichopotea si kasida tu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Ukiwa mwalimu wa kasida, mweke msichana wa sauti nzito pamoja na wa sauti nyembamba, wapokezane beti, usikie zitakavyobebana. Ukiandaa harusi na una uwezo wa kuita waimbaji wawili, usiwaite waje kurushiana vijembe. Waombe angalau wimbo mmoja wa pamoja, na uwatunze wote wawili kwa mkono ule ule. Na ukiwa mama, binti akiimba jikoni kwa sauti yake ya besi, usimwambie apunguze. Itikia.

Msimbazi itaendelea kuuza watani, maana ndiyo biashara yake. Sisi tunaonunua tuna haki ya kuulizia bidhaa nyingine. Tuulizie wanawake wawili, sauti mbili zisizofanana, wimbo mmoja. Muuzaji akiulizwa mara ya kumi, ataleta.