Alisema Udongo

Mwaka 2008, katika kambi ya Mugunga nje kidogo ya Goma, niliharibu neno moja. Nilikuwa mkalimani wa mwandishi wa habari kutoka Ulaya. Alikuwa na siku tatu, gari la kukodi, na mimi kwa dola hamsini kwa siku. Mbele yetu alikaa mama mzee aliyekimbia Masisi. Mwandishi akaniambia nimuulize vita hivi vinatokana na nini.

"Mwanangu," mama akajibu, "mwambie ni udongo."

Huku kwetu mtu akisema udongo anaweza kumaanisha ardhi: shamba, mpaka wa shamba, kaburi la baba mkwe lililomo shambani. Mimi nikatafsiri neno kwa neno, kama kitu cha kuchota kwa koleo. Yule bwana akainua macho. "Kuna nini kwenye huo udongo?"

Mama alilishangaa swali. Akasema kuna maharage na viazi. Kisha akaeleza kwamba shamba alilolima tangu aolewe lilikuwa na wenyewe wawili: familia ya mumewe, iliyopewa na chifu, na tajiri mmoja wa ng'ombe aliyekuja na karatasi za Kinshasa. Hayo nayo niliyatafsiri, lakini kalamu ilikuwa imeshasimama. Makala ilipotoka, mama alikuwa na sentensi moja tu, nayo ilizungumzia utajiri uliolala chini ya miguu yake. Nilijua sicho alichosema. Nilinyamaza, kwa sababu wiki iliyofuata alikuwa anakuja mwandishi mwingine, naye angelipa.

Tangu hapo nimefanya kazi na waandishi wengi wa kigeni. Sisemi ni waongo, wala waoga. Kuna niliolala nao sakafuni risasi zikipita juu. Ninachosema ni kibaya zaidi: wanafika wakiwa wameshaelewa. Simu yako ina koltani, koltani inatoka Kongo, kwa hiyo vita ni vya simu yako. Hadithi hiyo inapendwa London na Paris kwa sababu inamweka msomaji wa huko katikati. Hata dhambi inakuwa yake. Sisi tunabaki na mikono ya kuchimba na miili ya kuhurumiwa, lakini akili ya kugombana kwa sababu zetu wenyewe hatupewi.

Sababu zipo, na zina tarehe. Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda ili wafanye kazi mashambani mwa walowezi, juu ya ardhi ambayo machifu wa Kihunde waliihesabu kuwa yao. Mwaka 1972 sheria iliwapa wengi wao uraia. Mwaka 1981 sheria nyingine ikawapokonya. Katikati yake, 1973, Mobutu alitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, na mwenye rafiki Kinshasa akajipatia mlima mzima. Ndizo zile karatasi za tajiri wa ng'ombe. Mwaka 1993 watu wa Walikale na Masisi walichinjana. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, zaidi ya watu milioni moja walivuka kuingia Zaire, wauaji wakiwa wamechanganyika nao. Moto ulikuwa umeshawaka kabla dunia haijaanza kuitafuta koltani kwa ajili ya simu.

Najua jibu litakalokuja: je, madini si kitu? Ni kitu. Vikundi vya silaha vinalishwa na madini, na mwaka 2024 M23 waliuteka mji wa Rubaya wenye migodi ya koltani. Wala sitaki historia ya mashamba igeuzwe blanketi la kuifunikia Kigali. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara nyingi jinsi Rwanda inavyowasaidia M23. Lakini mafuta ya taa si kiberiti. Ukiondoa mafuta bila kumuuliza mtu kwa nini ameshika kiberiti, atatafuta kuni.

Nasi tuliyaona hayo. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzibana kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani. Septemba mwaka huohuo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Shemeji yangu alikuwa mchimbaji Rubaya. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na chepeo na watoto wanne. Wote wanne walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Migodi ilipofunguliwa, wanunuzi wengi hawakutaka tena kusikia jina la Kongo. Vita je? Mwaka 2012 M23 walizaliwa, na Novemba waliingia Goma. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo la wakimbizi kurudi makwao. Kurudi wapi, kama si kwenye udongo?

Ndiyo maana silichukulii jambo hili kama kosa dogo la lugha. Makala zilijenga uelewa, uelewa ukajenga sheria, na sheria ikafika hadi kwenye sahani ya shemeji yangu. Mwandishi wangu wa 2008 hakuiandika sheria ile peke yake. Lakini alichangia, na mimi nilimshikia tochi.

Januari 2025, M23 walipoichukua Goma tena, simu yangu ililia usiku kucha. Sauti mpya, maswali yaleyale. Mmoja aliniomba nimtafutie mtu aliyekimbia ambaye "anaweza kuzungumzia koltani". Nilimwambia nitamtafutia mtu aliyekimbia. Atakachozungumzia ni juu yake. Hakupiga tena.

Wewe unayesoma haya, na ambaye kesho utaitwa kuwa mkalimani kwa sababu Kiingereza chako ni kizuri: chukua hela, maisha ni magumu. Lakini dai jina lako liandikwe kwenye makala, na dai uisome kabla haijatoka. Kama mama amesema shamba, pigania shamba.

Mimi nimechelewa miaka mingi, kwa hiyo natafsiri upya, bila malipo. Mama alisema: shamba moja lina wenyewe wawili, na hakuna mwamuzi ambaye wote wawili wanamwamini. Kisha aliuliza swali ambalo siku ile sikulitafsiri kabisa, kwa kuwa mwandishi alikuwa ameshasimama anakung'uta suruali:

"Na yeye, huko kwao, karatasi ya shamba anatoa nani?"